Harufu ya Petroli Kwenye Gari Lililoegeshwa

Gari letu hulala chini ya dirisha la chumba cha watoto. Uwanja wetu hapa Tanga ni mwembamba, umebanwa kati ya ukuta wa jirani na kibaraza, na kibarazani ndipo jiko la mkaa lilipokuwa likiwashwa kila jioni kwa miaka yote tuliyoishi hapa, hatua tano tu kutoka tairi la nyuma la gari. Ninaanza na habari ya uwanja kabla ya habari ya ufundi kwa sababu, baada ya miezi miwili ya kuitafuta harufu ya petroli iliyokuwa ikitoka kwenye gari lililozimwa, nimeamini kwamba swali la kwanza la kujiuliza ni gari limelala wapi na limelala karibu na nini. Swali la kitu gani kimeharibika hufuata baada ya hapo.

Gari lenyewe ni dogo, lilitengenezwa Japani mwaka 2003 na kuingia nchini likiwa limeshatumika. Harufu ilianza mwezi Oktoba. Jumamosi jioni nilijaza tangi hadi juu kwa sababu wiki iliyofuata tulikuwa na safari ya Lushoto, na Jumapili asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma ili nimfunge mkanda mtoto mdogo, harufu ilinipokea nzito kiasi cha kunikereketa koo. Nilichungulia chini ya gari nikakuta saruji kavu, bila hata tone. Niliwauliza wote nyumbani kama kuna aliyebeba dumu la mafuta ya jenereta kwenye buti, maana dumu lenye mfuniko uliolegea, hata likiwa tupu, linatosha kunukisha gari zima kwa siku kadhaa. Hakuna aliyebeba. Nikafikiri labda kituoni mafuta yalimwagika kidogo ubavuni mwa gari, nikapaosha kwa maji na sabuni. Petroli iliyomwagika nje hukauka na harufu yake huisha ndani ya saa chache. Hii ya kwetu ilirudi Jumatatu asubuhi, na Jumanne ikarudi tena.

Wengi wetu tumelelewa na mafuta ya taa, na mazoea ya mafuta ya taa hutudanganya tunapokutana na petroli. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto, kwa hiyo yakimwagika sakafuni unapata muda wa kuyafuta. Petroli hutoa mvuke wa namna hiyo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na maana yake ni kwamba katika joto la pwani yetu hakuna saa ya mchana wala ya usiku ambayo petroli haiko tayari kuwaka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, huingia kwenye mifereji na mashimo na kutuama humo. Ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa, tayari unaweza kuwaka, na ukikutana na moto mahali, moto huo hurudi kwa njia ileile mvuke ulikopita hadi kwenye chanzo. Kila mtu mzima nchini anakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukachukua maisha ya watu zaidi ya 100 waliokuwa wamekusanyika kulizunguka. Lile lilikuwa lori na hili ni gari la familia, na kiasi cha mafuta hakilingani hata kidogo, lakini petroli ni ileile, na jiko langu lilikuwa hatua tano.

Pamoja na moto kuna suala la kuvuta pumzi. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sikutaka watoto wangu walale kando ya dirisha linaloingiza mvuke huo usiku kucha, wala wakae kwenye kiti cha nyuma na kuambiwa wafungue vioo.

Jioni ya Jumanne hiyo tulihamisha jiko kwenda uani nyuma ya nyumba, tukafungua milango yote minne pamoja na buti, tukaliacha gari lipigwe na upepo kwa muda wa saa nzima, kisha tukalisukuma kwa mikono, bila kuliwasha, hadi kwenye kiwanja cha wazi kando ya njia. Baada ya hapo ndipo nilipomwomba mume wangu achomoe waya hasi wa betri. Ninautaja mpangilio huo kwa makusudi, kwa sababu kuchomoa waya wa betri kunaweza kutoa cheche ndogo, na mtu akianza na betri kwa nia njema kabla hewa haijasafishwa anaweza kusababisha kile anachokikimbia. Taa ya ndani ya gari, inayowaka mlango unapofunguliwa, tuliizima kwa swichi yake kabla ya siku ile, na tochi tuliyotumia ilikuwa ya kawaida ya betri, iliyowashwa tukiwa mbali.

Fundi wa kwanza alibadilisha mfuniko wa tangi. Simlaumu kwa kuanzia pale: mfuniko ni rahisi kuupata, raba yake huchoka na kupasuka, na mara nyingi kweli ndio chanzo. Harufu iliendelea. Nilipomrudia aliniambia, "Mwalimu, gari la miaka hii lazima linuke kidogo," na hapo ndipo tulipoachana, kwa sababu jambo hilo si kweli. Gari lisilo na hitilafu, hata liwe na miaka 30, halipaswi kunuka petroli likiwa limesimama. Kama linanuka, petroli inatoka mahali fulani, iwe kwa umbo la maji au la mvuke. Fundi wa pili alinyanyua kiti cha nyuma, ambacho chini yake ndipo tangi lilipo, akasema pampu ya mafuta "inapumua," akapaka gundi ya silikoni nyekundu kuzunguka kifuniko chake na kutuambia tusubiri ikauke. Kwa siku nne harufu ilipungua. Siku ya tano nilijaza mafuta, na siku ya sita harufu ilikuwa palepale. Baadaye nilielewa kwamba silikoni ya kawaida haivumilii petroli. Inalainika, inavimba na kuachia, na wakati huohuo inaficha ufa ambao fundi anayefuata angeuona kwa macho.

Siku hiyo ya sita nilichukua daftari la mazoezi lisilotumika nikaanza kuandika. Kila asubuhi, mchana na jioni niliandika saa, kiasi cha mafuta kama mshale ulivyoonyesha, kama gari lilikuwa juani au kivulini, lilikuwa limezimwa kwa muda gani, na harufu ilikuwa kali zaidi wapi: mbele kwenye boneti, ndani kwenye kiti cha nyuma, ndani ya buti, au nje karibu na tundu la kujazia mafuta. Nilijifunza haraka kwamba pua yangu peke yake haifai. Pua ya mtu huzoea petroli ndani ya dakika chache tu na kuacha kuihisi, ilhali harufu bado ipo, kwa hiyo kila kipimo ilibidi nikifanye mara tu nilipofungua mlango, au nitoke nitembee kidogo barabarani kisha nirudi. Msaidizi wangu alikuwa binti yangu wa miaka 11, ambaye alikuwa ananisikiliza akiwa amesimama mbali na gari, kisha anakuja mara moja, ananusa mahali pamoja tu, anasema neno moja na kuondoka. Sikumruhusu akae hapo, na sikumruhusu aingie ndani.

Kurasa nne za daftari zilisema jambo ambalo mafundi wawili hawakuwa wameliuliza. Tangi likiwa limejaa au karibu kujaa, harufu ilikuwa kali kwenye kiti cha nyuma, na mchana wa jua ilizidi. Tangi likishuka chini ya nusu, harufu ilikwisha kabisa ndani ya siku mbili. Kukimbia au kusimama kwa injini hakukubadilisha lolote.

Petroli iliyo ndani ya tangi husukumwa na uzito wake kuelekea chini, kwa hiyo ingekuwa tundu liko chini ya tangi au kwenye bomba linalopita uvunguni, gari lingevuja tangi likiwa na lita 5 kama linavyovuja likiwa na lita 45, na sehemu ya chini ingelowa. Ingekuwa tatizo liko mbele, kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalogawa petroli kwa vinyunyizio vya injini, au kwenye raba ndogo za mviringo zinazoziba nozeli hizo, harufu ingekuwa kali dakika chache baada ya kuzima injini ya moto, kwenye boneti, na isingejali tangi lina kiasi gani. Harufu inayokuja na tangi lililojaa na kuondoka na tangi lililopungua inaelekeza kidole mahali pamoja tu, yaani juu ya tangi: gasketi ya pampu, shingo ya kujazia mafuta, na mipira inayounganisha vitu hivyo. Jua nalo lina sehemu yake. Petroli hutanuka kwa takribani asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo lita 45 zilizonunuliwa asubuhi ya ubaridi zikipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka kwa karibu nusu lita, na nusu lita hiyo lazima ipate pa kwenda.

Watengenezaji wa magari walilitambua tatizo la mvuke zamani. Katika jimbo la California sheria ya kuzuia mvuke wa petroli usitoke kwenye magari yaliyosimama ilianza kwa magari ya mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikaenea Marekani nzima. Tangu hapo magari ya petroli yamekuwa na kanista, yaani kopo lililojaa mkaa maalumu, ambalo huunyonya mvuke wa tangi gari likiwa limesimama na kuuachia uende kuchomwa ndani ya injini gari linapokimbia. Ni mkaa kwa maana halisi ya neno, ila umetengenezwa uwe na vitundu vidogo visivyohesabika. Adui wa kanista ni desturi moja ambayo nami nilikuwa nayo: pampu ya kituoni ikijikata yenyewe, tunamwambia mhudumu aongeze kidogo ili hesabu ya shilingi itimie. Ile nafasi tunayoijaza imeachwa kwa ajili ya mvuke na kutanuka. Mafuta yakipita hapo huingia kwenye mpira wa kanista kama maji, huulowanisha mkaa, na mkaa uliolowa haunyonyi tena. Katika magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani baada ya mwaka 2000, kompyuta ya gari inatakiwa kugundua tundu la nusu milimita tu katika mfumo huo na kuwasha taa ya injini. Gari letu halina uwezo huo, na dashibodi yetu ilikaa kimya muda wote, jambo ambalo fundi wa pili alilichukua kuwa ushahidi kwamba hakuna tatizo.

Fundi wa tatu ni mzee anayefanya kazi zake chini ya mwembe huko Ngamiani, na nililetwa kwake na mwalimu mwenzangu. Nilimwamkia, nikampa daftari. Alivaa miwani, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, akaniuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa kama pampu ya mafuta imewahi kubadilishwa. Nikamjibu kwamba ilibadilishwa mwezi Machi, miezi saba kabla ya harufu kuanza. La pili lilikuwa kama gasketi mpya ilinunuliwa pamoja na pampu. Sikujua. Nilikwenda nyumbani nikaitafuta risiti, na risiti ilikuwa na pampu na chujio peke yake.

Gasketi ya pampu ni pete ya raba inayokaa kati ya kifuniko cha pampu na mdomo wa tangi. Ikikaa miaka mingi ndani ya mvuke wa petroli hunywa kiasi fulani na kutanuka, ikibanwa katika umbo la mahali pale inapokaa. Ikitolewa, haikai tena sawasawa. Utaiona imekuwa kubwa kuliko mfereji wake, na fundi anayetaka kumaliza kazi huisukuma kwa kidole hadi iingie, inakaa imejikunja upande mmoja, kisha anakaza bolti. Inaweza kushika kwa wiki au miezi. Pampu yenyewe ilikuwa nzuri na haikuwa na kosa lolote.

Yule mzee alikataa kuligusa gari likiwa na tangi lililojaa. Aliniambia nilitumie hadi mshale ufike robo, na watoto wasipande, kwa kuwa mafuta yakishuka harufu haipo na hatari inapungua. Nilikuwa na shaka nikamwomba badala yake ayatoe. Kijana wake akachukua mpira na kuuweka mdomoni ili ayafyonze, na mzee akamzuia kwa sauti kali ambayo sikuisikia kwake tena. Petroli ikiteleza kwenda mapafuni, hata kiasi kidogo, huunguza mapafu na kuleta kichomi kikali, na vijana wengi wa gereji huifanya kazi hiyo kila siku bila kuambiwa na mtu. Walitumia pampu ya mkono, wakayaweka mafuta kwenye madumu ya chuma yaliyofunikwa, wakayapeleka mbali na mahali pa kazi. Alikataa pia kufanyia kazi kwenye shimo la gereji ya jirani ingawa lilikuwa wazi, kwa sababu shimo ndilo mahali mvuke unapokusanyika, na balbu ya umeme ikianguka na kupasuka humo hakuna anayewahi kutoka. Gari lilibaki chini ya mwembe, penye upepo.

Aliondoa fyuzi ya pampu, akawasha injini ikakimbia kidogo mpaka ikajizima yenyewe kwa kukosa mafuta, ili mgandamizo uliobaki ndani ya mabomba uishe. Katika magari mengi ya nozeli mgandamizo huo ni mara tatu hivi ya ule wa hewa ya kawaida, na mtu akifungua bomba bila kuuondoa, petroli humrukia usoni. Kisha akachomoa betri, akanyanyua kiti na kufungua bamba la chuma lililo chini yake. Silikoni nyekundu ilikuwa imegeuka kitu laini kama ubani uliotafunwa. Alipoibandua, tuliona vumbi lote la juu ya tangi limekauka na kuwa jeupe, isipokuwa upande mmoja wa kifuniko, ambako palikuwa na duara la unyevu mweusi lenye upana wa kiganja. Hiyo ndiyo sababu hatukuona tone chini: kilichokuwa kikitoka kilikuwa kidogo, kilibaki juu ya tangi, na kilikuwa mvuke kabla ya kupata njia ya kuanguka, na bamba la chuma likaupeleka mvuke huo ndani ya gari, chini ya kiti cha watoto.

Gasketi mpya haikupatikana Tanga. Iliagizwa Dar es Salaam, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, ikaja na basi siku ya tatu. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya lita 10 za petroli. Ninaiandika bei hiyo kwa uchungu kidogo, kwa sababu mwezi Machi tulilipia pampu nzima na kazi ya siku moja, na hakuna aliyetuambia kwamba tuongeze kiasi hicho.

Nilisimama kando kuangalia ikifungwa. Mdomo wa tangi ulifutwa kwa kitambaa kikavu hadi kila chembe ya silikoni ikaondoka, kwa uangalifu ili isianguke ndani na kuziba chujio la pampu. Gasketi iliwekwa kavu, bila gundi yoyote, ikakaa kwenye mfereji wake yenyewe bila kusukumwa. Bolti zilirudishwa zote kwa vidole kwanza, kisha zikakazwa kidogo kidogo kwa kuvuka, moja ya upande huu na ile inayoitazama upande wa pili, mizunguko mitatu, ili kifuniko kishuke sawa pande zote. Kifuniko hicho ni cha plastiki, na kukikaza kwa nguvu upande mmoja kunaweza kukipasua. Baada ya kurudisha betri, mzee alifungua swichi mara kadhaa bila kuwasha injini ili pampu ijaze mabomba, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba juu ya pampu, akatazama kwa muda mrefu. Hakuna kiputo kilichotokea.

Nilijaza tangi siku iliyofuata, na pampu ya kituoni ilipojikata nilisema inatosha. Usiku huo sikulirudisha gari chini ya dirisha. Asubuhi binti yangu alinusa kwenye kiti cha nyuma akasema hakuna. Akazunguka nje, akasimama karibu na tairi la nyuma la kulia, akasema, "Mama, hapa bado."

Alikuwa sahihi. Ilikuwa harufu nyepesi, ya nje tu, na nina hakika ilikuwepo tangu mwanzo lakini ile kubwa ya ndani iliifunika. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayesoma hapa alizingatie anapofanya kazi hii: chanzo kikipatikana, usilihesabu gari kuwa limepona mpaka upime tena upya katika hali ileile iliyotoa harufu mwanzoni, kwa upande wetu tangi lililojaa na gari lililolala usiku kucha. Kama tungepima na robo tangi tungesherehekea bure.

Mzee alitoa plastiki ya ndani ya bawa la nyuma, lile linalofunika tairi, kwa bisibisi. Nyuma yake mna shingo ya tangi, bomba la chuma linaloshuka kutoka kwenye mfuniko, na sambamba nalo kuna mpira mwembamba ambao tangi hupumulia wakati wa kujazwa. Tope, mchanga na hewa ya chumvi hukusanyika hapo, na katika mji wa bahari kama wetu kutu huanza mahali hapo kabla ya kuonekana kwenye bodi. Shingo yenyewe ilikuwa na kutu ya juu juu tu, ikasuguliwa na kupakwa rangi. Mpira mwembamba ulikuwa umepasuka chini ya klipu, nyufa fupi nyingi zinazoonekana pale tu unapoukunja. Klipu ilipoondolewa, ulikatika mkononi.

Dukani tulipewa kwanza mpira mweusi wa maji wenye kipenyo kilekile, na muuzaji alisisitiza kwamba ni sawa. Si sawa. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa ajili ya maji ya moto, na ukikutana na petroli huvimba, hulainika na kupasuka ndani ya muda mfupi. Mpira wa mafuta una maandishi ubavuni yanayoonyesha kwamba ni wa petroli, na kama maandishi hayapo ni heri kuuacha. Tuliupata kwenye duka la tatu. Mzee alifunga klipu mpya za chuma kisichoshika kutu, akaziweka nyuma kidogo ya ncha ya mpira ili zisiukate, akarudisha plastiki ya bawa.

Harufu iliyobaki kwenye kapeti ilichukua zaidi ya wiki moja kuisha. Kapeti na sponji la kiti hunywa mvuke na kuuachia polepole, na hapa kuna mtego, kwa sababu mtu anaweza kudhani kazi imeshindikana, au kinyume chake akadhani harufu mpya ni mabaki ya zamani. Nilikitoa kiti cha nyuma na kukianika kivulini siku mbili, nikaacha vioo wazi kila mchana, na sikutumia manukato ya gari ya aina yoyote, kwa kuwa manukato yangenizuia kujua kinachoendelea. Daftari liliendelea: kila siku harufu ilishuka, haikupanda hata siku moja, na mabaki ndivyo yanavyotakiwa kufanya. Harufu inayopanda na kushuka kwa kufuata tangi ni uvujaji. Inayoshuka tu ni mabaki.

Nilijaza tangi tena mara tatu mfululizo katika joto la Desemba na Januari, nikaliegesha gari juani kwa makusudi kutwa nzima kwenye kile kiwanja cha wazi, na mara zote tatu ukurasa ulibaki na neno moja, "hakuna." Baada ya mara ya tatu gari lilirudi chini ya dirisha. Jiko halikurudi kibarazani. Liko uani, na litabaki huko. Kwenye droo ya gari, ndani ya bahasha, nimeweka gasketi ya pili iliyoagizwa pamoja na ile ya kwanza, na juu ya bahasha nimeandika tarehe na maneno ya kumsomea fundi yeyote atakayeifungua pampu hiyo baada yangu: usirudishe ya zamani.